Fundi Hukaa Chini ya Kazi Yake

Huko Wiyoni, kisiwani Amu, mkate ukitoka mofani, chuma huingia. Wageni wakiambiwa hivyo hudhani wametegwa kitendawili. Si kitendawili. Bi Zahra huoka mikate ya mofa katika tanuri la udongo lililo uani kwake, tanuri la duara lenye mdomo juu, na mkate wa mwisho ukishabanduliwa kwenye ukuta wake, mdogo wake Zein huja na bomba la chuma lenye kifuniko. Ndani ya bomba mna rodi za kuchomelea. Hulishusha kwa waya mpaka likaning'inia juu ya makaa, hufunika mdomo wa mofa kwa bati, na kuliacha humo saa nzima. Kisha hulitoa, hulifunga kwa gunia na kulibeba kifuani mpaka karakana kwake kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa.

Watu walimcheka kwa hilo, na wengine wanamcheka hadi leo, maana watu wa Wiyoni wakipata cha kuchekea hawakiachi kikapoa. Wakamwita Zein Mofa. Wakamuuliza rodi zake huzila kwa mchuzi gani. Zein ana miaka arobaini na saba, ni mwembamba, mikono yake imejaa makovu ya cheche, na ulimi wake haukai kinywani. Hajawahi kuliacha swali la namna hiyo likapita.

"Nyinyi mwala mkate mbichi?" huuliza. "Hamuli. Basi na mimi sichomelei kwa rodi mbichi. Pita ndia yako."

Ujuzi huo hakuzaliwa nao. Babu yake alikuwa mhunzi wa visu huko Siyu, na Zein hupenda kulitaja jambo hilo hata pasipo aliyeuliza, lakini kuchomelea kwa umeme alijifunza kwa kuwatazama mafundi waliotoka bara, kisha kwa kuharibu. Alikuwa akifungua pakiti ya rodi na kuiacha wazi rafuni wiki nzima, ikinywa unyevu wa pwani, na akachomelea nazo hivyo hivyo kama mafundi wote wa Amu. Mageti yalisimama, vyuma vya madirisha vilishika, na hakuna aliyelalamika. Ndipo akapewa ngazi ya chuma ya gati la Wiyoni.

Ngazi ile ilidumu miezi minne. Asubuhi moja maji ya bahari yamekupwa, binamu yake Madi, mchukuzi wa boti za Siyu, alikuwa akiipanda na gunia la nazi mgongoni, na kipago cha tano kikakatika penye mshono. Madi aliangukia mawe. Mguu wake wa kulia ulivunjika mara mbili, na ulipounga, uliunga umepinda. Watu walipokuwa wakimbeba kwenda hospitali, Zein aliingia matopeni akakiokota kile kipago, akakipeleka karakana na kuukata mshono katikati. Kwa juu ulikuwa unang'aa. Ndani ulikuwa na vitundu vitupu, kama mkate wa kumimina. Mtu mzima yule, mwenye mke na watoto, alikaa sakafuni akalia kwa sauti.

Pakiti ya rodi ilikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza ambayo hakuwahi kuyajali. Siku hiyo aliyapeleka kwa mwalimu mmoja jirani, naye akamsomea: rodi hizi zisipate unyevu, zikipata, zitiwe katika joto la digrii mia tatu na hamsini kwa saa nzima kabla ya kutumiwa. Zein alijua mahali pamoja tu kisiwani penye moto wa namna hiyo, na palikuwa uani kwa dada yake.

Madi alipotoka hospitalini hakumtukana. Zein alikuwa amejitayarisha kwa matusi, na matusi yangemfaa zaidi. Madi alimwambia maneno machache, amesimama kwa mkongojo mlangoni mwa karakana.

"Zein, kazi yako siipandi tena mpaka wewe mwenyewe uwe tini yake."

Tangu siku hiyo Zein hukaa chini ya kila anachokichomelea, siku ya kwanza kinapobebeshwa mzigo. Alipotengeneza jukwaa la tangi la maji la madrasa, alitandika mkeka chini yake, akaagiza kahawa, na kuinywa taratibu huku lita elfu mbili zikijaa juu ya kichwa chake. Mkewe alipita, akamwona, akaenda zake. Alipoweka boriti za chuma chini ya baraza la ghorofani la mfanyabiashara mmoja wa Amu, alisimama chini yake wakati watu kumi na wawili wanarukaruka juu. Wengine waliona ni wazimu. Wenye akili waliona kwamba hakuna fundi mwingine aliye tayari kufanya vile, na wakampa kazi.

Lakini kazi moja hakuwa nayo, nayo ndiyo aliyoitaka. Ile ngazi iliyomvunja Madi ilikatwa ikatupwa, na kwa miaka sita watu wa Wiyoni walipanda gatini kwa ngazi ya boriti za mikoko iliyofungwa kamba. Madi hakupanda hata hiyo. Alikuwa akishusha mizigo yake matopeni, akichechemea na gunia begani maji yakimfika magotini, kwa kuzunguka gati zima. Zein alimwona karibu kila siku. Hakuna mshono aliouchomelea katika miaka hiyo ambao haukuwa, kwa namna fulani, mshono wa ngazi ile.

Basi ikaja habari kwamba gati litajengwa upya, na ngazi yake itakuwa ya chuma, na kampuni moja ya Mombasa imepewa kazi. Mafundi wa hapa wataruhusiwa kufanya sehemu yao, ila kwa sharti moja: atakayeshika mashine awe na cheti. Wiyoni nzima palikuwa na mafundi tisa wa kuchomelea na hapakuwa na cheti hata kimoja. Abdulhalim, mwenyekiti wao, mtu mpole anayependa mambo yaishe bila kelele, alihangaika mpaka chuo kimoja cha bara kikakubali kutuma watahini, ili mafundi waliojifunzia kazini wapimwe na atakayefaulu apewe cheti chake. Asiyefaulu angengoja miezi mitatu. Kufikia hapo ngazi ingekuwa imeshasimamishwa na watu wengine.

"Nataka ngazi ile," Zein alimwambia dada yake. "Wampe mtu mwengine geti, wampe uzio, wampe nti yote. Ngazi ile nda kwangu."

"Basi ufunge mdomo siku ya mtihani," Bi Zahra alijibu. Anamjua tangu anatambaa.

Mtihani ulifanywa katika uwanja wa karakana ya Abdulhalim, chini ya paa la mabati. Mtahini mkuu alikuwa mwanamke wa Meru, Bi Nkatha, aliyevaa viatu vya kazi na aproni ya ngozi iliyochakaa, na aliyewasalimia mafundi kwa kuwashika mikono na kuitazama mikono hiyo. Alikuja na mwenzake mmoja. Masharti yalikuwa mepesi kueleweka. Kila mmoja atapewa vipande viwili vya bamba nene la chuma na rodi kumi na tano. Aviunganishe. Muda ni saa tatu, kuanzia saa mbili hadi saa tano. Kisha kila mshono utakatwa vipande na kukunjwa kwa jeki, na utakaopasuka umeshindwa. Vifaa ni vya chuo. Hairuhusiwi kuleta vya nyumbani.

Zein alipokea rodi zake. Akachukua mbili, akaziinua sikioni, akazigonganisha. Akachukua nyingine mbili akazigonga. Rodi kavu hulia kali, ting, kama kijiko juu ya kikombe. Hizi zilitoa sauti ya kuni. Pakiti ilikuwa imefunguliwa kabla ya kupakiwa botini, ikavuka na watu wenye mizigo na maji ya kurukia, na ikalala ghalani siku mbili.

Wenzake walikuwa wameshavaa vioo vya uso. Mashine zilikuwa zinanguruma.

"Madamu," Zein alisema, "rodi hizi zimekunywa mai."

"Ni rodi zile zile kwa kila mtu, Bwana Zein," Bi Nkatha alijibu. "Hakuna aliyependelewa."

"Sisemi kuna aliyependelewa. Nasema sote tumepawa mbichi. Mimi sichomelei na hizi."

Abdulhalim aliinua kioo chake akaja mbio. Alimshika Zein mkono akamvuta pembeni. "Muogope Mngu, Zein. Chomelea tu upate karatasi. Ukishaipata, oka rodi zako mpaka ziwe nyeusi, hakuna atakayekuuliza. Yeo ni siku ya karatasi tu."

"Ngazi ya Madi nilisema vivyo hivyo," Zein alijibu. "Nilisema yeo ni ngazi tu."

Alirudi kwa mtahini, na ukali wote aliokuwa ameahidi kuuacha nyumbani ukawa umekuja naye. Aliuliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: zile saa tatu ni zake? Bi Nkatha akasema ni zake. Ndani ya saa zake anaruhusiwa kuandaa vifaa alivyopewa? Bi Nkatha alifungua karatasi zake, akasoma, akasoma tena, akasema kuandaa kunaruhusiwa. Basi, alisema Zein, naenda kuviandaa, na kama unadhani nitabadilisha rodi ndiani, twende sote.

Mafundi wanane wakacheka. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, mmoja alisema, na Idi ilishapita. Bi Nkatha hakucheka. Alizihesabu zile rodi kumi na tano, akazitia alama ya chaki, akamwachia mwenzake uwanja, na akamfuata.

Bi Zahra siku hiyo alikuwa na mikate ya arusi. Alianza kuoka tangu alfajiri, uso wake umejaa jasho na unga, na masinia mawili ya madonge ya unga wa mtama yalikuwa yanangoja zamu. Alipomwona mdogo wake anaingia na bomba lake na mwanamke wa serikali nyuma, alijua mambo yameharibika.

"Nalikwambia ufunge mdomo."

"Niliufunga, dada. Rodi ndizo zilizosema."

"Mofa ina mikate ya watu. Chuma chako kikitoa moshi humo, bibi arusi ale mkate wenye harufu ya karakana?"

"Nataka saa moja."

Bi Zahra alimtazama. Yeye ndiye aliyemlisha Madi uji wiki tatu hospitalini, na yeye ndiye aliyekuwa akimtupia Zein blanketi kila alipopitiwa na usingizi juu ya benchi la karakana. Alibandua mikate iliyokuwa ukutani ilipoiva, akaufunika unga uliobaki kwa kitambaa kibichi, na akamtuma jirani kwa wenye arusi kuwaambia mkate utachelewa na atakayeona vibaya aje aseme naye. Hakuna aliyekuja.

Saa tatu asubuhi ilikuwa imetimia. Kabla ya kuruhusu bomba liingie, Bi Zahra alitupa chembe ya unga kwenye kigae kilicho ndani ya mofa na kuanza kusoma Kulhuwallahu polepole. Unga ukiwa mweusi kabla hajamaliza, moto umezidi. Ukibaki mweupe, haujafika. Alipomaliza, unga ulikuwa hudhurungi kama kahawa iliyokaangwa. Akatikisa kichwa kukubali.

Bi Nkatha alikuwa amesimama kando na kipima joto chake cha mkononi, kile kinachoelekezwa kitu bila kukigusa. Aliinama juu ya mdomo wa mofa akakielekeza. Akakitazama, akakipangusa, akakielekeza tena.

"Mia tatu na arobaini na mbili," alisema.

"Unga umeshasema, mwanangu," Bi Zahra alimjibu. "Keti, unywe chai."

Walikaa saa nzima uani, mtahini kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine karibu. Mwishowe mtahini aliuliza nani aliwafundisha. Zein alimwambia habari za Madi, zote, pamoja na kilio cha sakafuni. Hakujipamba. Bi Nkatha alisikiliza kikombe kikimpoa mkononi, kisha akasema kwamba darasani kwao huwaambia wanafunzi kwa siku mbili nzima jambo hili la unyevu, na wakifika kazini hakuna anayelikumbuka.

Zein alirudi uwanjani saa nne na dakika kumi. Wenzake walikuwa wanapiga brashi mishono yao. Alivaa kioo, akachukua rodi ya kwanza ingali na joto kiganjani, na akaanza. Bamba nene halijazwi kwa mara moja. Hupitishwa mshono juu ya mshono, na kila mmoja hungojwa upoe na kusafishwa ganda lake kabla ya unaofuata. Mtu mwenye haraka huruka kusafisha. Saa tano kasoro dakika tano Abdulhalim alimwambia kwa sauti ya chini aruke. Zein alichukua nyundo akagonga ganda lote mpaka la mwisho. Saa tano ikapigwa, naye yuko kwenye mshono wa juu. Hakuacha. Aliweka rodi chini saa tano na dakika kumi na moja.

Kisha wakaanza kukunja. Mshono wa kwanza ulipasuka kwenye jeki kwa sauti ya kuni kavu, na Bi Nkatha akamulika tochi ndani ya ufa: vitundu. Wa pili ulipasuka. Wa Abdulhalim ulipasuka, naye akageukia ukuta. Kati ya wanane, mishono ya watano ilipasuka, na hawa walikuwa mafundi hodari, wenye mikono kuliko wengi waliopata vyeti vyao kwa kukaa darasani. Kipande cha Zein kilikunjwa mpaka ncha zake mbili zikakaribia kugusana. Bi Nkatha alipitisha ukucha mgongoni mwa mkunjo, akatafuta ufa, hakuona.

"Hii ndiyo kazi bora hapa," alisema. Alikuwa ameshika kalamu na hakuonekana mwenye furaha. "Na muda umepita. Masharti yanasema asiyemaliza ndani ya muda ameshindwa."

Kila mtu alitazamia Zein aombe. Dakika kumi na moja si kitu. Aombe tu, madamu ana moyo. Zein alivua kioo chake.

"Andika nimeshindwa," alisema. "Ila uandike na kwa nini. Na hao watano uandike na kwao kwa nini. Usiandike kwamba mafundi wa Wiyoni hawayui kazi. Andika mlitupa rodi mbichi."

"Nitaandika," alisema Bi Nkatha.

Zein alipofika nyumbani hakutaka chakula. Alikuwa na hasira na chuo, na boti, na saa ya ukutani, na zaidi ya vyote alikuwa na hasira kwamba ngazi ile itapandishwa na mikono ya mtu asiyemjua Madi. Lakini hakujuta. Mkewe alipomuuliza angefanya nini kama ingekuwa tena kesho, alijibu kwamba angefanya vile vile, ila angeamka mapema zaidi.

Bi Nkatha naye alikuwa mtu wa neno lake. Aliandika kwamba rodi za mtihani zilikuwa na unyevu na kwamba wote walioshindwa wapimwe tena, na akaandika jambo la pili kwa wenye kusimamia gati: mshono wowote wa ngazi ya Wiyoni uchomelewe kwa rodi zilizookwa siku hiyo hiyo, na mwenye kazi atoe ushahidi. Jambo la pili lilikubaliwa mara moja, kwa kuwa liliwabana wengine. La kwanza lilikaa mezani. Abdulhalim alipiga simu wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila mara aliambiwa asubiri.

Kampuni ikaja. Msimamizi wake alikuwa Bwana Kamau, mtu wa kazi, asiye na makuu, mwenye mafundi wawili wazuri na vyeti vyao. Wale watatu wa Wiyoni waliofaulu aliwapa uzio na mageti. Alikuja pia na tanuri dogo la umeme la kuokea rodi. Siku ya pili jenereta ilitetemesha umeme na tanuri likaungua. La pili lingetoka Mombasa baada ya wiki, na Bwana Kamau hakuwa na wiki. Sehemu ya chini ya ngazi ilifikika tu maji ya bamvua yanapokauka kabisa, na bamvua ilikuwa siku nne mbele. Ikipita hiyo, ni kungoja nyingine. Alikwenda Amu mjini kwa wenye majiko ya mikate, wakamwambia chuma hakiingii penye chakula. Mmoja wao akamwelekeza Wiyoni.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Bwana Kamau aliinama kweli, maana mlango wa ua wa Bi Zahra ni mfupi.

"Mama, hujambo. Nimeambiwa mofa yako inaweza kutusaidia. Ni saa moja tu kwa siku."

"Yaweza," alisema Bi Zahra. Alikuwa anakanda unga na hakuacha. "Rodi za nani?"

"Zetu, mama. Za kampuni."

"Na wa kuzichomelea?"

"Niko na mafundi wawili, wote wana vyeti."

"Basi waoke kwa vyeti vyao. Mofa yangu huingia rodi za Zein. Atakaye moto wangu, achomelee Zein."

Bwana Kamau alieleza kwa adabu kwamba amesikia sifa za huyo Zein, hana ubaya naye, lakini hana cheti, na sheria ni sheria.

"Nayuwa hana," Bi Zahra alimjibu. "Wenye cheti ndio walokuya kuinama mlangoni kwangu. Mwambie aliyemnyima. Nasikia simu yenu yashika haraka kuliko yetu."

Alijaribu tena kesho yake, na kesho kutwa. Alileta hata sukari. Bi Zahra alipokea sukari, akamshukuru, akampa mikate miwili ya moto ale njiani, na hakubadili neno. Siku hiyo jioni Bwana Kamau alipiga simu chuoni. Maombi ya Abdulhalim yalikuwa yamekaa wiki tatu. Simu ya mtu mmoja wa kampuni ilijibiwa kabla ya isha. Ndivyo dunia ilivyo, na wa kuona haya si Bi Zahra.

Bi Nkatha alishuka botini asubuhi iliyofuata, na pakiti za rodi zilizofungwa. Safari hii alisimamia yeye mwenyewe kuokwa kwa rodi, na saa ilianza kuhesabiwa bomba lilipotoka mofani. Watu sita walirudia, Zein na wale watano, na mabomba sita yalining'inia juu ya makaa ya Bi Zahra. Abdulhalim alipowasili na lake alikuwa ameinamisha kichwa. Bi Zahra alimwambia akiinue, mofa si msiba. Wote sita walifaulu. Zein alimaliza dakika arobaini kabla ya muda na akazitumia kusafisha mshono wake.

Siku ya bamvua alichomelea ngazi ya gati, vipago kumi na viwili, matope yakimfika vifundoni na bomba lake la moto limefungwa guniani mgongoni. Mafundi wawili wa Bwana Kamau walichomelea fremu pamoja naye, kwa rodi za bomba hilo hilo. Mkubwa wao alizigonga mbili sikioni, akaguna, na tangu hapo akawa anazigonga zote.

Ilipokamilika, Zein hakumwita mkubwa yeyote. Alisubiri mashua ya Siyu. Madi alikuwa ndani yake, amekaa juu ya magunia, na alipoiona ngazi mpya aligeuza uso akaanza kukunja suruali ili ashuke matopeni kama kawaida yake ya miaka sita.

Zein aliingia chini ya ngazi. Alisimama penye mawe yale yale, chini ya kipago cha tano, akaegemea nguzo na kukunja mikono kifuani.

"Madi!" aliita. "Mimi niko tini."

Madi aliitazama ngazi kipago kwa kipago. Kisha akanyoosha suruali, akaagiza apandishiwe gunia mgongoni. Mwenye boti akampa dogo. Madi akalitupa chini, akataka lile kubwa la nazi.

Alipanda kwa mguu wake mzima kwanza, na ule uliopinda akauburuta nyuma. Kipago cha kwanza. Cha pili. Kwenye kila kipago alisimama na kukikanyaga kwa nguvu zake zote, kwa hasira ya miaka sita, na mchanga na matope ya soli yake yakamwangukia Zein kichwani na mabegani. Alipofika cha tano alikikanyaga mara tatu. Akainama kutazama chini, uso umelowa, gunia likimwelemea.

"Ondoka hapo, Zein. Imeshika."

"Siondoki," alisema Zein. "Panda."